Black Lightning ya Jack Ehret na watu walioimiliki

Tarehe 25 Januari 2018, katika mnada wa kampuni ya Bonhams uliofanyika Las Vegas, Marekani, pikipiki nyeusi ya mwaka 1951 iliuzwa kwa dola 929,000 za Kimarekani. Mpaka siku ile hakuna pikipiki iliyokuwa imewahi kufikia bei hiyo mnadani. Iliyokuwa ikiongoza ni Cyclone ya mwaka 1915, ya Kimarekani, iliyouzwa dola 852,500 mwaka 2015. Nilipoziona picha zake kwenye simu nilikuwa gereji, mikono imejaa oili, na nilifanya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya: nilizikuza kwa vidole nikaanza kuikagua mashine kipande kwa kipande. Rangi ya tangi ilikuwa imechakaa. Alumini ya injini ilikuwa na ule ukijivu wa madini yaliyokaa miaka mingi bila kuguswa na brashi ya waya. Hakuna kilichong'aa kwa ajili ya mnada. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia historia ya pikipiki hii, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba thamani yake haikutoka kwenye kasi yake peke yake, bali kwa watu walioishika, na hasa mmoja wao aliyekataa kuiachia.

Pikipiki yenyewe ni Vincent Black Lightning, na kwa kuwa wengi wetu huku tumelelewa na Honda, Yamaha na sasa Boxer, inafaa nieleze kidogo imetoka wapi. Kiwanda cha Vincent kilikuwa Stevenage, mji ulio kaskazini mwa London. Mwanzilishi wake, Philip Vincent, alizaliwa London mwaka 1908 katika familia iliyokuwa na ranchi ya ng'ombe Argentina, na fedha za ranchi ndizo zilizomwezesha, mwaka 1928, kulinunua jina la HRD. Jina hilo lilikuwa la Howard R. Davies, mwendeshaji aliyeshinda mbio za Senior TT katika Kisiwa cha Man mwaka 1925 kwa pikipiki iliyotoka katika kampuni yake mwenyewe, kisha kampuni hiyo ikamfia mikononi. Kijana Vincent alikuwa na fikra nyingi. Aliyeweza kuzipa fikra hizo mwili wa chuma alikuwa mhandisi kutoka Australia, Phil Irving.

Mafundi wa Vincent bado wanasimulia jinsi injini yao kubwa ilivyozaliwa mwaka 1936. Irving alikuwa na nakala mbili za mchoro wa injini yao ya silinda moja, ya sentimita za ujazo 500, zilizochorwa kwenye karatasi inayoonyesha chini. Zikalaliana mezani kwa mshazari, na Irving akaona kwamba silinda mbili zingeweza kukaa juu ya kasha moja kwa umbo la herufi V, huku sehemu nyingi za injini ya zamani zikitumika bila kubadilishwa. Baada ya vita injini hiyo ilisanifiwa upya ikapewa pembe ya digrii 50, ikabaki na ujazo wa sentimita 998, na ikakabidhiwa kazi ambayo kwenye pikipiki nyingine za wakati huo ilikuwa ya fremu. Vincent haina mabomba yanayopita mbele na chini ya injini. Juu kuna boksi la chuma ambalo pia ni tangi la oili, injini inaning'inia chini yake, na mkono wa gurudumu la nyuma umefungwa nyuma ya injini. Injini ndiyo uti wa mgongo. Fundi anayeielewa sentensi hiyo ataelewa pia kwa nini namba za injini na za fremu za pikipiki hizi zina uzito mkubwa hivyo, nami nitalirudia jambo hilo baadaye.

Black Lightning ilizaliwa kutokana na safari moja ya chumvini. John Edgar, tajiri wa California aliyependa michezo ya magari, aliagiza Stevenage pikipiki iliyopunguzwa uzito na kuongezewa nguvu, na tarehe 13 Septemba 1948, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimboni Utah, mwendeshaji Rollie Free akaiendesha kwa wastani wa kilomita 241.9 kwa saa. Nguo zake za ngozi zilikuwa zimechanika kwa upepo katika majaribio ya mwanzo, kwa hiyo alizivua akabaki na nguo ya kuogelea, kofia ya kuogea na viatu vyepesi, akalala kifudifudi juu ya pikipiki, miguu imenyooshwa nyuma kama mkia. Picha ya tukio hilo imezunguka dunia nzima na pengine ndiyo picha ya pikipiki inayojulikana kuliko zote. Mwaka huohuo Vincent walianza kutoa toleo la mbio kwa mteja yeyote aliyekuwa na fedha, nalo wakaliita Black Lightning.

Tofauti kati yake na Black Shadow, ambayo ilikuwa pikipiki yao ya barabarani yenye kasi zaidi, inaonekana vizuri zikiwekwa kwenye mzani. Black Shadow ina kilo 208 hivi, na Black Lightning ina kilo 172 tu. Taa zimeondolewa, pamoja na dainamo, kiki, stendi na siti ya abiria. Madigadi ni vipande vyembamba vya alumini, na rimu nazo ni za alumini. Sehemu kadhaa zilizokuwa za chuma zimetengenezwa kwa aloi nyepesi. Konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na kreki, zimeng'arishwa mpaka zikawa kama kioo, si kwa urembo, bali kwa sababu mkwaruzo mdogo kwenye konrodi inayozunguka kwa kasi ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Kabureta mbili za Amal za mbio zina koo la milimita 32, magineto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi, ni ya Lucas ya mbio, na mahali pa spidomita kuna kipimo cha mizunguko ya injini. Nguvu yake ni farasi 70 hivi, wakati ambapo pikipiki nyingi barabarani zilikuwa na farasi wasiozidi 20. Katika miaka minne au mitano ya uzalishaji zilitoka takriban 30 tu.

Moja kati ya hizo 30 iliundwa mwaka 1951 kwa ajili ya Tony McAlpine, mwendeshaji wa Australia aliyekuwa amekwenda Ulaya kushindana na aliyefanya kazi ndani ya kiwanda chenyewe cha Stevenage. Hilo la mwisho nalipenda sana. Mmiliki wa kwanza alikuwa mtu wa kiwandani, mtu ambaye benchi la kuundia injini hizo lilikuwa mahali pake pa kazi, na ninavyoiona mimi, mwanzo wa aina hiyo unaacha alama katika jinsi mashine inavyoshikwa baadaye. McAlpine aliishindanisha Uingereza, kisha akaipeleka kwao Australia.

Huko aliiuza kwa Jack Forrest, naye alikuwa mwendeshaji hodari. Forrest hakukaa nayo. Alianguka nayo Bathurst, katika uwanja wa Mount Panorama, ambao si uwanja wa kawaida: ni barabara ya kilomita 6.2 inayoupanda mlima, inazunguka kileleni kwa kona za kutisha, kisha inateremka na kuingia kwenye mnyooko mrefu unaoitwa Conrod. Kwa pikipiki yenye farasi 70, matairi membamba na breki za ngoma, mahali hapo hapakuwa na msamaha. Baada ya ajali hiyo aliiuza, na mnunuzi alikuwa Jack Ehret wa Sydney.

Kuanzia hapo historia ya umiliki, ambayo kwa pikipiki nyingi za mbio huwa ni orodha ndefu ya majina yanayopokezana kila baada ya msimu mmoja au miwili, inasimama. Ehret alikaa nayo mpaka mwaka 1999. Ni zaidi ya miaka 45, na mtu ni yuleyule.

Jambo la kwanza kubwa alilolifanya nalo lilikuwa rekodi ya mwendokasi wa pikipiki Australia. Tarehe 19 Januari 1953, karibu na Gunnedah, mji wa wakulima na wafugaji kaskazini-magharibi mwa jimbo la New South Wales, aliipitisha kwenye barabara iliyonyooka na kupata wastani wa maili 141.509 kwa saa, yaani kilomita 227.7. Kwa wasiofuatilia mambo haya, rekodi ya namna hii haipatikani kwa kukimbia mara moja. Mwendeshaji hupita kwenye kipimo kwa upande mmoja, hugeuka, na kurudi kwa upande wa pili ndani ya muda uliowekwa, kisha wastani wa safari hizo mbili ndio unaoandikwa, ili upepo uliomsukuma wakati wa kwenda umzuie wakati wa kurudi. Maana yake ni kwamba injini haitakiwi kuweza mara moja tu. Inatakiwa iweze, ipoe kidogo, iweze tena. Januari ni kiangazi Australia, na pikipiki inayopozwa kwa hewa tu, kwa kasi hiyo, juu ya barabara ya kawaida na si kwenye uwanda wa chumvi, inabeba kila udhaifu wa aliyeifunga. Ninapofikiria ile namba 141.509 mimi huwaza zaidi usiku uliotangulia, mtu akiwa gerejini akikagua mianya ya valvu na kubadilisha plagi, kuliko zile sekunde za kupita kwenye kipimo.

Ehret hakuiweka ndani baada ya rekodi. Aliendelea kuishindanisha, wakati mwingine akiwa peke yake, wakati mwingine ikiwa imefungwa kigari cha pembeni chenye mtu wa kukiegemeza kwenye kona. Katika uwanja wa Mount Druitt, magharibi mwa Sydney, aliwahi kuipanga mstarini dhidi ya Geoff Duke, bingwa wa dunia wa Uingereza, aliyekuwa amekuja Australia na Gilera ya silinda nne. Yatazame hayo kwa makini: upande mmoja kiwanda cha Italia kimemleta bingwa wake na mashine ya kisasa kuliko zote za wakati huo, upande wa pili kuna mtu wa Sydney na pikipiki yake mwenyewe, iliyopita mikononi mwa watu wawili kabla yake na iliyowahi kuanguka Bathurst.

Wakati huo Stevenage mambo yalikuwa yanaharibika. Vincent zilikuwa ghali kutengeneza na wanunuzi walikuwa wanahamia kwenye magari madogo. Julai 1955 Russell Wright wa New Zealand aliendesha Vincent kwa kilomita 298 kwa saa na kuweka rekodi ya dunia, na Desemba ya mwaka huohuo kiwanda kikatoa pikipiki yake ya mwisho. Hakuna tena aliyeweza kuagiza Black Lightning mpya. Irving alikuwa amerudi kwao Australia, ambako baadaye alisanifu injini ya Repco iliyompa Jack Brabham ubingwa wa dunia wa magari ya Formula 1 mwaka 1966. Hivyo katika nchi hiyohiyo alikuwepo mhandisi aliyeichora Vincent, na ilikuwepo Black Lightning iliyomwekea Ehret rekodi.

Sasa nirudi kwenye zile namba. Kwa kuwa Black Lightning ilijengwa juu ya injini moja na ile ya Rapide, pikipiki nyingine ya Vincent ya barabarani, na ya Black Shadow, fundi mzuri mwenye fedha anaweza leo kukusanya vipuri vipya, vya alumini na vya aloi, akaunda pikipiki ambayo jicho la kawaida haliwezi kuitofautisha na ile ya kiwanda. Ziko nyingi za namna hiyo, na baadhi zimefungwa kwa ustadi mkubwa kuliko wa Stevenage. Kinachobaki kuwa ushahidi ni namba. Injini ya Black Lightning ina namba inayoanza na F10AB/1C. Namba ya fremu imegongwa kwenye chuma cha juu shingoni mwa usukani, na nyingine iko kwenye fremu ya nyuma. Kwa kawaida ya kiwanda katika miaka hiyo, namba ya fremu ilizidi ya injini kwa 1,900 kamili, kwa hiyo mtu akitoa moja katika nyingine na asipate 1,900, anaanza kuuliza maswali. Zaidi ya hizo, nusu mbili za kasha la injini zina alama zilizogongwa pande zote mbili ili kuonyesha kwamba zilichongwa pamoja, kwa kuwa nusu moja haikai sawasawa na nusu ya mashine nyingine. Kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa na chama cha wamiliki wa Vincent, kilichoanza mwaka 1948, na huko ndiko namba hizo zinakolinganishwa na karatasi.

Nazungumza juu ya namba kwa uchungu, na sababu ninayo. Babu yangu aliacha BSA Bantam, ile ndogo ya sentimita za ujazo 123 ambayo usanifu wake Waingereza waliuchukua kwa Wajerumani baada ya vita kama sehemu ya fidia. Aliinunua kwa mkulima wa Kizungu aliyekuwa anaondoka Kilimanjaro, akaitumia kwenda shule aliyokuwa anafundisha, na kadi yake ina majina matatu yaliyoandikwa kwa wino wa rangi tatu tofauti, la babu likiwa la mwisho. Miaka kumi na moja iliyopita, nikiwa kazini mkoa mwingine, niliituma kwa fundi mmoja wa mjini ili aitoe kutu na kuifungua injini iliyokuwa imekwama. Nilipoifuata niliikuta imepigwa rangi nyekundu ya kung'aa, tangi kwa madigadi. Fundi alikuwa na furaha ya kweli. Alinivuta mkono kunionyesha jinsi alivyolisafisha kasha la injini kwa grainda, akapitisha msasa, mpaka likawa laini kama sahani. Nilipitisha kidole mahali ambapo namba ilipaswa kuwa. Kidole kiliteleza.

Nilikaa nayo uani jioni ile nikiwa na kisu kidogo, nikakwangua rangi chini ya tangi, mahali ambapo mkono wa fundi haukufika vizuri. Chini ya nyekundu kulikuwa na kijani, kile kijani kilichopauka ambacho Bantam za kwanza zote zilitoka nacho kiwandani. Kipande hicho, chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nimekiacha wazi mpaka leo. Namba haiwezi kurudi. Kadi ninayo, pikipiki ninayo, lakini kilichokuwa kinaziunganisha kilitoka pamoja na unga wa alumini uliomwagika sakafuni mwa gereji ile, na ofisi yoyote itakayoniuliza nithibitishe kwamba kadi hii ni ya pikipiki hii itakuwa na haki ya kuniuliza.

Ndiyo maana sehemu ya historia ya Black Lightning ya Ehret inayonigusa kuliko hata rekodi ya Gunnedah ni ile iliyofuata baada ya 1999. Pikipiki ilipotoka mikononi mwake ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuendeshwa. Wapo wengi ambao wangeivua yote, wakaipiga rangi mpya ya kioo, wakabandika herufi mpya za dhahabu tangini na kuifanya ifanane na ile iliyotoka Stevenage mwaka 1951. Soko lenyewe, kwa miaka mingi, lilikuwa linalipa zaidi kwa kazi ya aina hiyo. Lakini pikipiki hii ilifika kwa Patrick Godet, fundi Mfaransa wa Normandy ambaye alitumia maisha yake kwa Vincent na aliyefariki mwaka 2018, mwaka uleule ilipouzwa. Yeye aliirudisha katika hali ya kuwaka na kukimbia, na akaiacha sura yake ilivyokuwa.

Kwa mtu asiye fundi hilo linaweza kuonekana kama kazi ndogo, yaani kufanya nusu na kuacha nusu. Ukweli ni kwamba ndiyo kazi ngumu zaidi. Ukivua kila kitu na kununua kipya, kila boliti inaingia bila ubishi. Ukitaka kuifungua injini ya miaka 60 bila kuharibu uso wake, kila nati inatakiwa ilowekwe na isubiriwe, spana iwe ya saizi kamili isije ikamega kona, na kila kipande kirudi mahali pake kilekile kwa sababu kimechakaa kwa umbo la mahali hapo. Unabadilisha kile tu ambacho kisipobadilishwa kitavunja injini au kumuua mwendeshaji. Vingine vyote unavivumilia. Inahitaji mtu ambaye hatafuti kusifiwa kwa kile kitakachoonekana.

Kwa hiyo walionunua Las Vegas walikuwa wananunua kitu ambacho kinaweza kusomwa. Tangi lililochakaa ni magoti na kifua cha Ehret. Namba zinakubaliana na kitabu cha kiwanda. Mlolongo wa wamiliki haukatiki popote, kutoka McAlpine aliyekuwa kiwandani, kupita Forrest na anguko lake Bathurst, hadi mtu wa Sydney aliyeishika kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Bei ya dola 929,000 ilikaa kileleni kwa miaka mitano, mpaka Januari 2023 ilipouzwa Harley-Davidson ya mwaka 1908 kwa dola 935,000, hapohapo Las Vegas. Nayo Harley hiyo, jambo ambalo halikunishangaza, iliingia mnadani ikiwa na rangi yake ya zamani kwenye tangi.

Wiki iliyopita kijana anayejifunza kazi gerejini kwangu aliletewa Yamaha ya zamani ya marehemu baba wa mteja, na jambo la kwanza alilolitafuta lilikuwa grainda. Nilimwomba aiweke chini. Tulichukua mswaki, mafuta ya taa na kitambaa, tukakaa kwenye vigoda, tukaanza kulainisha matope yaliyoganda ubavuni mwa injini. Ilichukua karibu saa nzima. Tarakimu ya kwanza kutokea ilikuwa 4, imepinda kidogo kushoto, kama ilivyogongwa.